Michango Isiishie Matangani

Msiba ukitokea, daftari hufunguliwa kabla hata turubai halijafungwa. Mwenye mwandiko wa kusomeka hukalishwa mezani, majirani hupanga foleni, na majina huandikwa moja baada ya jingine: elfu tano, elfu kumi, gunia la mkaa, dumu la mafuta, kilo ishirini za mchele. Kundi la WhatsApp la ukoo hugeuka ofisi ya mhazini. Vijana huenda kuchimba kaburi, kina mama hushika meko, na kufikia jioni familia ambayo juzi ilikosa nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya rufaa inakuwa na chakula cha kulisha watu mia mbili.

Ukarimu huo si wa kubezwa. Ndiyo bima kongwe kuliko zote katika nchi hizi, na pengine ndiyo pekee isiyomwuliza mtu kadi. Vikundi vya kuzikana vipo mitaa ya Tandika na vipo vijiji vya Rombo; pwani kuna ubani na hitima ya arobaini, bara kuna rambirambi na ibada ya shukrani. Tatizo lake ni saa. Hufika baada ya roho kutoka, na huondoka matanga yakishaanuliwa.

Kwa mtoto, huondoka mapema zaidi. Kichanga kikifariki alfajiri, mara nyingi huwa kimezikwa kabla ya alasiri, na watu wachache tu ndio huenda makaburini. Wanawake hukaa na mama siku moja au mbili, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Mama huambiwa asilie sana, Mungu atampa mwingine. Wanaosema hivyo hawana ubaya. Wanatafuta neno la kumpoza mwenzao. Lakini yule aliyekwenda alikuwa na jina, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayelitamka tena, hata ndani ya nyumba aliyozaliwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huachwa peke yake na ujuzi huo.

Wazazi wa namna hiyo si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 Tanzania ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati yao hawamalizi mwezi wa kwanza. Kenya, mwaka huohuo, hesabu ilikuwa 41 na 21. Ni maendeleo makubwa, kwa sababu utafiti uliotangulia wa Tanzania, wa 2015 na 2016, ulihesabu 67. Hata hivyo, mtaa wowote wenye watu wa kutosha kujaza msikiti au kanisa una mzazi aliyezika mtoto.

Wazo linalotetewa katika makala haya halihitaji maelezo marefu. Sehemu ya ukarimu wa msiba wa mtoto ihamie wodini, kwa familia ambazo bado zinapigania watoto wao, na ihamie huko kwa jina la mtoto aliyeondoka. Mazishi yabaki na heshima yake, pilau ipikwe, dua isomwe. Ila mchango usikomee hapo, na atakayesema uende wapi awe mzazi aliyefiwa, kwa sababu yeye ndiye anayeijua wodi.

Mama aliyeuguza mtoto wiki sita anajua mambo ambayo hayamo katika ripoti ya hospitali yoyote. Anajua maji ya moto ya uji hupatikana wapi usiku na simu huchajiwa kwenye soketi ipi. Anajua kwamba saa ya kuona wagonjwa ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa mgeni wa mji. Milango ikifunguliwa, ndugu wa wenyeji huingia na hotipoti, matunda na nguo safi, huku mama aliyeletwa kwa rufaa kutoka Sumbawanga au Kigoma akijifanya amelala. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mama huyo hushuka stendi ya Magufuli, Mbezi, au stesheni, akiwa na mtoto mgongoni, mfuko wa nguo na barua ya rufaa. Baba amebaki nyumbani na wadogo, au amerudi machimboni kutafuta hela. Hakuna wa kumpokezana naye. Akienda kuoga, mtoto hubaki na mama wa kitanda cha pili.

Dawa zinaweza kuwa za bure na bado mtoto huyo akafa kwa kukosa nauli.

Maneno hayo si ya kutia chumvi, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye saratani za watoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 walio chini ya miaka 20 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Sababu zinajulikana: ugonjwa kutotambuliwa au kutambuliwa kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na sababu moja ambayo haihitaji maabara kuieleza, yaani familia kukatisha matibabu. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Awamu ya kwanza ikimwendea vizuri, mtoto hunenepa, hucheza, homa huisha. Mzazi anamwona amepona. Anahesabu kilichobaki mfukoni, anawafikiria watoto wanne walioachwa kwa bibi, anakumbuka shamba na msimu wa mvua, na anarudi nyumbani. Miezi michache baadaye ugonjwa unarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Mzazi huyo halaumiwi. Amefanya hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye watoto watano na kipato cha jembe angeifanya. Anayestahili kuulizwa swali ni jamii ambayo ingemchangia pakubwa wiki ya mazishi, na haikumpa nauli ya kurudi kliniki.

Jijini Dar es Salaam, taasisi ya Tumaini la Maisha, inayofanya kazi pamoja na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, imelielewa jambo hili kwa miaka mingi. Daktari Trish Scanlan, mtaalamu wa saratani za watoto kutoka Ireland, na wenzake Watanzania hawakuishia kwenye dawa. Pamoja na matibabu yasiyolipiwa wakaweka na nyumba ya kulala familia, Ujasiri House, ili mtoto anayesubiri mzunguko mwingine wa dawa asilale barazani wala asirudishwe mkoani kwa kukosa pa kufikia. Kitanda hicho kinahesabika kama sehemu ya tiba.

Wazo la nyumba kama hiyo lina historia, na linafaa kusimuliwa kwa sababu lilianzia kwa wazazi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Philadelphia, Marekani, Fred Hill, mchezaji wa timu ya Eagles ya mpira wa Kimarekani, alikuwa akimuuguza bintiye Kim aliyekuwa na saratani ya damu. Hill na mkewe walilala vitini, wakala vya kwenye mashine za kuuzia vitafunio, wakaona wazazi wengine waliotoka mbali wakifanya vivyo hivyo. Hill na mkewe walikuwa na afadhali: walikuwa na jina na marafiki. Katika hospitali ya watoto ya mji huo alikuwapo Daktari Audrey Evans, mzaliwa wa York, Uingereza, aliyekuwa akisema siku nyingi kuwa familia zinahitaji nyumba karibu na hospitali. Wachezaji wakachangisha, kampuni ya McDonald's ikatoa sehemu ya mauzo ya kinywaji chake kimoja, na Oktoba 1974 nyumba ikafunguliwa, ikiitwa Ronald McDonald House. Leo zipo mamia katika nchi nyingi. Kim Hill alipona saratani ile ya utotoni, akakua, akaolewa; alifariki mwaka 2011.

Daktari Evans ana nafasi nyingine katika habari hii. Mwaka 1971 alitoa mfumo wa kupanga hatua za nyuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva na inayowapata zaidi watoto wadogo. Miaka 25 baadaye, Januari 1996, katika jimbo la Connecticut, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Alexandra Scott. Kabla hajafikisha mwaka mmoja aligundulika kuwa na ugonjwa huohuo.

Alex, kama walivyomwita, aliishi na saratani karibu maisha yake yote. Mwaka 2000, akiwa na miaka minne, baada ya kupandikizwa chembe za uboho, alimwambia mama yake kuwa akitoka hospitali anataka kuweka meza ya kuuza juisi ya limau. Wazazi walidhani mtoto anataka hela ya mwanasesere. Alitaka kuwapa madaktari ili wawasaidie watoto wengine kama walivyomsaidia yeye. Kiangazi hicho, yeye na kaka yake wakaweka meza mbele ya nyumba. Majirani wakaja, wakanunua kikombe kimoja kwa bei ya vikombe vingi, na siku ikaisha na zaidi ya dola 2,000. Baadaye familia ikahamia upande wa Philadelphia ili awe karibu na hospitali ileile ya watoto. Meza ikawekwa tena mwaka uliofuata, na uliofuata, na watoto wa miji mingine wakaanza kuweka za kwao. Alipofariki Agosti 2004, akiwa na miaka minane, michango iliyopita kwenye meza hizo ilikuwa imevuka dola milioni moja.

Wengi huishia hapo kwa kustaajabu, na mtoto yule anastahili kustaajabiwa. Lakini sehemu yenye somo kwa msomaji wa huku inakuja baada ya kifo chake. Wazazi wake, Liz na Jay, waliunda mfuko rasmi kwa jina lake mwaka 2005, na tangu hapo umekusanya zaidi ya dola milioni 200. Sehemu kubwa huenda kwenye utafiti, kama alivyotaka mwenyewe. Pembeni ya utafiti wakaweka mambo mawili ambayo mtu asiyewahi kuuguza mtoto asingeyawaza. La kwanza ni kulipia safari na malazi ya familia zinazolazimika kufuata matibabu mbali na kwao. La pili ni mpango wa kuwatumia barua na vifurushi ndugu wa mtoto mgonjwa, wale wanaobaki nyumbani wakiambiwa watulie, wasisumbue, kaka anaumwa. Mfuko wenye mamilioni ya dola ukaona umuhimu wa nauli, na ukaona umuhimu wa dada mdogo anayejiona amesahaulika.

Hivyo ndivyo kumbukumbu ya mtoto inavyofanya kazi ikikabidhiwa wazazi. Haipotei katika mambo makubwa.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Marekani, kwa watu wenye dola za kumwaga. Si kweli. Muhimbili yenyewe ilianza kwa mkono wa mtoaji. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa biashara ya misafara, alitoa mali yake kwa shule na hospitali zisizobagua dini, na hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake inahesabiwa kuwa chanzo cha Muhimbili, mwaka 1897. Ndio mwaka aliofariki. Jina lake bado liko kwenye moja ya majengo ya wodi, na kila siku watu huelekezana waende Sewa Haji bila kujua kuwa wanamtaja marehemu aliyetoa sadaka. Nairobi nayo ina hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa ardhi ya Ewart Grogan kwa kumbukumbu ya mkewe.

Waislamu wana sadaka jariya, ile ambayo thawabu zake huendelea kumfikia mtu baada ya kufa: kisima, madrasa, mti wa kivuli. Wapo pwani wanaomchinjia akika hata mtoto aliyekwisha tangulia. Wakristo wana misa za kuombea marehemu na ibada za shukrani za mwaka. Njia zote hizi zina nafasi ya sufuria ya uji wodini, iwapo sheikh, padri au mchungaji ataitaja. Watu husikiliza sana siku ya msiba, pengine kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na ni hasara kubwa kumaliza mawaidha ya siku hiyo bila kusema neno hata moja juu ya watoto ambao bado wamelazwa.

Wako waliokwisha kuanza. Nchini Kenya, Wanjiru Kihusa, baada ya kupoteza mimba zake mwenyewe, aliunda Still A Mum, shirika linalowapa faraja na ushauri wazazi waliopoteza mimba au vichanga. Hiyo ni huzuni ambayo kwa wengi haina hata siku moja ya matanga. Tanzania yuko Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, yaani kabla ya miezi kutimia. Taasisi yake, iliyoanza mwaka 2015, imepeleka vifaa vya kuwahudumia watoto njiti katika hospitali nyingi, na ilisimama mstari wa mbele kudai likizo ndefu kwa mama wa njiti. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa na mama hao wakaongezewa likizo. Si kila mtoaji ataishia kubadili sheria. Lakini ni vigumu kuona sheria hiyo ikibadilika bila watu waliokwisha kuingia wodini, wakaona mama akitakiwa kurudi kazini huku mwanawe bado yuko kwenye mashine ya joto.

Harambee nazo zina la kufundisha. Agosti 2015, mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za kijana wa chuo wa Kenya aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Ilihitajika shilingi milioni moja ili asafirishwe kutibiwa. Ndani ya siku chache Wakenya walichanga mara kadhaa ya kiasi hicho kwa simu zao. Lilikuwa jambo la fahari, na linaonyesha kuwa hela ipo na mioyo ipo. Linaonyesha pia udhaifu wa njia hiyo: aliyepata alikuwa na msimulizi hodari. Wodini wamejaa watoto ambao mama zao hawajui kuandika, hawana simu ya picha, na hawana mjomba mjini. Mchango wa kumbukumbu hauchagui uso wala hadithi. Umetolewa kwa ajili ya mtoto aliyekwisha fariki, hivyo unamfaa yeyote aliye hai.

Lakini namna ya kutoa ina adabu zake, na hapa ndipo nia njema nyingi huharibika. Kila sikukuu hospitali hupokea misafara yenye fulana za rangi moja, bango na mpiga picha. Mama aliyelala chini, nywele hazijasukwa, mtoto ana mpira puani, anakabidhiwa mche wa sabuni na pakiti ya pampasi mbele ya kamera, kisha picha inazunguka mitandaoni. Hajaulizwa. Hawezi kukataa, kwa sababu anaihitaji sabuni. Zawadi ya namna hiyo imelipiwa na anayeipokea, kwa sura ya mwanawe. Anayetoa kwa jina la mtoto wake marehemu na afikirie kama angependa mtoto huyo apigwe picha vile.

Zawadi nyingine hazifai kwa sababu ni kubwa mno. Mashine huvutia kuliko ndoo, hukatiwa utepe, hubandikwa jina. Lakini utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia hospitali za nchi zenye uhaba, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi, mara nyingi kwa kukosa vipuri, fundi au mtu aliyefunzwa kuvitumia. Kikundi cha mtaa kisijiingize huko bila kuzungumza kwanza na wahandisi wa vifaa tiba wa hospitali husika. Kuna mengi ya bei ndogo ambayo hayaharibiki.

Nauli ndiyo ya kwanza. Inafuatwa na chakula cha anayeuguza, maana hospitali ikitoa chakula hukitoa kwa mgonjwa, na mama anayenyonyesha akilala njaa maziwa hupungua. Wodi za watoto njiti, ambako mama hukaa amembeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, huhitaji khanga safi, kofia na soksi ndogo, na viti ambavyo mtu anaweza kukaa saa nyingi mgongo usikatike. Vocha ya simu ni zawadi ambayo hakuna anayeifikiria, nayo humwezesha mama kusikia sauti za watoto aliowaacha Kasulu. Beseni. Mafuta ya kupaka. Daftari na kalamu za rangi kwa mtoto wa darasa la pili ambaye hajaingia darasani tangu Februari.

Na ipo damu, ambayo masikini na tajiri huitoa kwa kipimo kimoja. Mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu hana muda wa kusubiri ndugu watafutwe. Mtoto wa saratani huhitaji damu mara kwa mara, na chembe sahani zinazozuia damu kuvuja huhifadhiwa kwa siku tano hivi tu. Kwa hiyo watu 60 wakitoa damu siku moja ya mwaka kwa kelele nyingi, faida yake ni ndogo kuliko watu haohao wakigawana kwa zamu. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Familia inayokumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake na siku ya kufariki kwake tayari ina tarehe mbili za kuanzia.

Wapo watakaouliza kama wazazi wenye huzuni wanapaswa kutwishwa kazi hii. Hawapaswi. Kuna baba ambaye hawezi tena kupita hata barabara ya ile hospitali, na mama ambaye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu humrudisha usiku ule. Mume na mke hawaombolezi kwa mwendo mmoja. Mmoja anaweza kutaka kutoa kila kitu cha mtoto wiki ya pili, mwingine akataka viatu vibaki mlangoni mwaka mzima. Haifai shangazi yeyote aje na daftari siku ya tatu akisema sasa tufungue mfuko. Majirani wanaweza kutangulia kimya kimya, wakamwambia mzazi wakati wowote atakapokuwa tayari kusikia: tulipeleka, kwa jina la mwanao. Kwa wazazi wengi, kulisikia jina hilo kutoka kinywani mwa mtu mwingine ni zawadi kabla hata hawajaambiwa kilichopelekwa ni nini.

Serikali nazo zisipumzike kwa sababu majirani ni wema. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kuwa kuwazuia wodini wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani, kwa kuwa hawakuweza kulipa, kulivunja haki zao za kikatiba. Tanzania, Toto Afya Kadi iliyoanza mwaka 2016 ilimwezesha mtoto kutibiwa mwaka mzima kwa mchango wa shilingi 50,400. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, ukaja kurejeshwa baadaye, na katikati hapo wapo wazazi waliobaki bila pa kushika. Mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Utekelezaji wake ndio utakaoamua ni familia ngapi zitaepuka kuuza ng'ombe na shamba. Hotipoti ya jirani haiwezi kulipia upasuaji wa moyo, na haitakiwi kulazimishwa. Wazazi waliofiwa wana haki ya kuuliza hadharani dawa ilikosekana kwa nini, na mchango wao wodini usitumiwe kuwanyamazisha.

Pa kuanzia pameshajengwa. Kila kikundi cha kuzikana kina katiba, mwenyekiti, mhazini na akaunti. Kikiwa na wanachama 40 na kila mmoja akaongeza shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka unaisha na shilingi 480,000 ambazo hazijagusa fungu la mazishi. Hospitali za mikoa na za rufaa, kuanzia Muhimbili hadi Bugando na KCMC, zina maofisa wa ustawi wa jamii. Ndio wanaojua ni mama yupi amepewa ruhusa ya kutoka wodini na bado yuko pale siku ya nne kwa kukosa nauli. Mhazini na mjumbe mmoja waende kwa ofisa huyo, wamuulize anakwama wapi mara nyingi zaidi, na wakubaliane kuwa kikundi kitalipia jambo hilo moja kwa miezi mitatu mitatu. Tiketi ya basi inunuliwe moja kwa moja, risiti irudi kwenye kikao, na kwenye daftari, mahali pa jina la mtoaji, liandikwe jina la mtoto.